Sura ya Sita: Kaburini Nyote

Mama mmoja alikuja baada ya Alasiri, pakiti ya kadi ameishika kwa mikono miwili kama aliyebeba mayai. Akasalimu, akauliza hali ya mgongo wangu, akalalamikia joto la mabati, ndipo akachomoa kadi moja na kuiweka mezani mbele yangu.

“Ami, hebu nisomee hapa mwisho. Miwani nimeisahau nyumbani.”

Miwani ilikuwa imekaa juu ya mtandio wake, kwenye paji la uso. Sikusema kitu. Nikasoma: jina la bwana harusi, sawa, jina la bibi harusi na la babake, sawa, Jumamosi baada ya Adhuhuri, sawa, Miritini, nyuma ya steji, sawa. “Karibuni nyote,” nikamalizia.

“Soma kilichoandikwa, ami. Usisome ukijuacho.”

Nikaisogeza kadi mlangoni kwenye mwanga. Herufi zilikuwa za rangi ya dhahabu, za mikia mirefu, zile ambazo wateja huzichagua kwa uzuri na hakuna awezaye kuzisoma. Nikafuata silabi kwa ukucha. Kaburini nyote.

Kadi zilikuwa 150.

“Sote twenda huko,” akasema taratibu, “lakini si Jumamosi hii.”

Hapo tulipokuwa ni kwenye saiba ya mpwa wangu. Iko ubavuni mwa barabara, katikati ya kinyozi na muuza vipuri, mahali ambapo malori ya kontena yakipita glasi za chai hucheza juu ya meza. Tangu stesheni ya reli mpya ifunguliwe hapa Miritini mwishoni mwa Mei 2017, wateja wameongezeka: wa fotokopi ya kitambulisho, wa barua ya kuomba kazi, wa programu ya mazishi. Mimi nilimaliza miaka yangu katika kiwanda kimoja cha uchapaji kisiwani, nikisoma prufu, na sasa hukaa pale pembeni na kahawa yangu. Mpwa wangu hunipa kila karatasi kabla ya kuichapa. Silipwi. Kadi ile niliisoma mara tatu, nikasema iende.

Nataka nijitetee kidogo, kisha nitarudi kwa yule mama.

Jicho halisomi herufi moja baada ya nyingine. Jicho hulikamata neno kwa mkupuo, kichwa kikajaza yaliyobaki kutokana na kinachotarajiwa, na mwisho wa kadi ya harusi kinachotarajiwa ni karibuni. Ndiyo maana tulipoanza kazi, zamani za risasi na mashine za mguu, tulifundishwa kuyavunja mazoea ya jicho. Tulisoma ukurasa kinyumenyume, kutoka neno la mwisho hadi la kwanza, ili maana isitupitie mbele. Tuliweka rula chini ya mstari ili mstari unaofuata usituite. Na kazi yenye uzito tuliisoma wawili: mmoja ana mswada, anasoma kwa sauti mpaka mikato na nukta, mwenzake anafuata kwenye prufu na kalamu nyekundu. Hiyo ya wawili ndiyo iliyokuwa bora kuliko zote, na ndiyo ya kwanza kuachwa kila ilipotakiwa kupunguza gharama.

Kiswahili nacho kina mtego wake. Silabi zetu karibu zote huishia kwa irabu, zimelingana kama matofali. Ukizichanganya hupati fujo, unapata neno jingine zima, linalosimama kwa miguu yake na kukutazama bila haya. Karibuni na kaburini zina herufi zilezile nane. Mkewe na mkwewe zimetengana kwa herufi moja tu, na nimewahi kuzuia kwa bahati kadi iliyotangaza kwamba Bwana fulani na mkwewe wanafurahi kutimiza miaka ishirini na mitano ya ndoa. Kuoa ukiisukumia g inakuwa kuoga. Familia moja ya Mikindani ilitaka kuwaarifu ndugu na jamaa kwamba kijana wao, baada ya kungojewa kwa muda mrefu, sasa ameamua kuoga. Kufaa ikipoteza a moja inakuwa kufa, na hapo salamu za kumtakia mwanafunzi elimu itakayokufaa zinageuka kuwa jambo jingine kabisa. Chuo na choo sizungumzii. Kila mwalimu ana hadithi yake ya chuo na choo, na zote ni za kweli.

Kompyuta haisaidii. Ile ya dukani, kama nyingi, inadhani inaandikiwa Kiingereza, kwa hiyo ukurasa mzima wa Kiswahili hupigwa mstari mwekundu kuanzia bismillahi mpaka wabillahi taufiki. Onyo linalolia wakati wote halimwamshi mtu. Simu ndiyo mbaya zaidi, maana yenyewe haionyi, inatenda. Juzi nimepokea rambirambi iliyosema “Pole Santa”.

Kisha kuna hatari ya faili la zamani. Aliyeandaa programu ya mazishi mwezi uliopita hulifungua faili lilelile kuandaa harambee ya mwezi huu, kwa kuwa mistari imeshapangwa vizuri. Kijana mmoja aliyekuwa akimsaidia mpwa wangu aliiamuru kompyuta ibadilishe kila palipoandikwa “marehemu” paandikwe “mgeni rasmi”. Ilitii. Ikachapwa nakala thelathini za programu ya kuchangia madarasa, zikisema kwamba mwili wa mgeni rasmi utawasili saa tatu asubuhi, na kwamba mgeni rasmi ameacha mjane na watoto wanne. Mgeni mwenyewe alikuwa mheshimiwa wa hapa hapa. Aliisoma akiwa kitini, tukamwona mabega yanamtikisika. Aliposimama alisema mwili umefika saa tatu kamili kama ilivyotangazwa, akatoa bahasha aliyokuja nayo, akaingiza mkono mfukoni akaongeza noti juu yake. “Na hizi,” akasema, “ni za matanga yangu.” Yule kijana, aliyekuwa amejificha nyuma ya spika, ndipo akatoka.

Mheshimiwa yule simpigii kura, lakini siku ile nilimpenda.

Zamani kosa kama hilo lilimgharimu mtu riziki yake. Mwaka 1631, London, wachapaji wa mfalme Robert Barker na Martin Lucas walitoa Biblia ambayo katika zile amri kumi neno la kukanusha lilidondoka, hivyo Wakristo wakaamrishwa wazini. Walitozwa faini ya pauni 300 na kunyang’anywa leseni, na nakala nyingi zikakusanywa na kuharibiwa. Kiingereza angalau kilihitaji kupoteza neno zima. Sisi twahitaji kupoteza silabi moja tu. Usizini ikitoka si inabaki Uzini, ambapo ni mahali pazuri tu Unguja na watu wake hawana hatia yoyote.

Silabi hiyo, si, ndiyo iliyobeba maadili yetu yote. Karibu na steji kuna ukuta ulioandikwa kwa rangi nyekundu USIKOJOE HAPA. Mganga mmoja akaja kubandika tangazo lake la kurudisha wapenzi na kufukuza majini, akalibandika juu ya herufi mbili tu, ya pili na ya tatu. Kwa wiki nzima ukuta ukawa unatoa ruhusa, na sijapata kuona amri ikitiiwa kwa moyo mkunjufu kiasi kile. Mama wa mahamri, ambaye meza yake iko upande wa pili wa ukuta, ndiye aliyelibandua kwa kisu, akalihamishia juu ya nguzo ya stima kwa ustaarabu. “Naye anatafuta,” alisema juu ya mganga.

Kwenye leso hali ni tofauti, kwa sababu kwenye leso hakuna kosa lisilo na maana. Mombasa ni mji wa leso. Duka la Kaderdina Hajee Essak, ambalo leso zake kila mtu huzijua kwa chapa ya Mali ya Abdulla, lina historia inayoanzia 1887, na mwanamke wa hapa husoma jina la leso kabla hajatazama rangi. Jina ni ujumbe. Unamvalia mtu, naye anajua amevaliwa. Sasa nyingi zimekuwa zikichapwa mbali, India na kwingineko, na mafundi wasiojua neno moja la Kiswahili. Wao hunakili herufi kama wanavyonakili korosho na maua.

Nilipokuwa mdogo shangazi yangu aliletewa leso ambayo jina lake lilitakiwa kuwa Wema hauozi. A moja ilikuwa imeanguka: WEMA HUOZI. Kwa mtu wa prufu hilo ni kosa la uchapaji, basi. Kwa jirani yetu, aliyekuwa na binti watatu ndani na hajapata mposaji hata wa mmoja, hilo lilikuwa kombora. Wewe huozi! Huna uliyemwoza! Alimwona shangazi akipita na leso ile kwenda kisimani, mara ya kwanza akanyamaza, mara ya pili akafunga dirisha kwa kishindo.

Shangazi hakwenda kujieleza. Kujieleza kungekuwa kukiri kwamba ameelewa. Alichofanya ni kuchukua sindano na uzi mweusi, akakaa ukumbini usiku mzima na taa ya chemli, akaidarizi ile a katikati ya h na u, kwenye vipande vyote viwili, herufi ya uzi iliyobanana kati ya herufi za wino kama abiria wa mwisho wa matatu. Asubuhi akavaa kimoja, kingine akampelekea jirani, kimekunjwa jina likiwa juu. Leso hukatwa zikawa mbili ili kuvaliwa na mtu mmoja, kipande kimoja kiunoni na kimoja kichwani. Kumpa mtu nusu ni kumwambia tuvae pamoja. Hawakuzungumza habari ile maisha yao. Nimeiona ile ya shangazi juzi juzi kwa binamu yangu, imechakaa imekuwa kama utando, na uzi wa ile a ndio uliobaki mweusi kuliko wino wote.

Nimesema jicho husoma linachokijua, na nimelisema kama kasoro. Lakini kwa miaka mingi huko ndiko kulikokuwa kusoma kwenyewe. Kiswahili kilipoandikwa kwa herufi za Kiarabu, nukta moja chini ilikuwa b, nukta moja juu ilikuwa n, na be ileile mara nyingi ilibeba b na p na mb pamoja. Mwandishi alikupa mifupa, wewe ukavisha nyama. Usipokijua Kiswahili hukuweza kuisoma hati ya Kiswahili, hata ukizijua herufi zote. Ndiyo maana naona watunzi wa tendi walikuwa na adabu kutuzidi: wengi walimaliza kwa kumwomba msomaji akikuta pungufu aongeze, akikuta ziada apunguze, na asiwalaumu. Kosa lilihesabiwa kuwa la watu wawili tangu mwanzo.

Ukitoka hapa Miritini ukapanda barabara ya Nairobi, ukifika Mazeras unakata kwenda Rabai, alikokaa mmisionari Mjerumani Johann Ludwig Krapf tangu 1846, akikusanya maneno ya Kimvita moja moja. Kamusi yake ilichapwa London mwaka 1882. Krapf alikuwa amefariki Novemba ya mwaka uliotangulia. Kila nikiishika kamusi ile, mimi huwazia prufu zake tu: wapangaji chapa wa London, baridi, na mbele yao maelfu ya maneno ambayo kwao yalikuwa kama korosho za leso.

Kisha mwaka 1928, katika mkutano uliofanyika hapa hapa Mombasa, ikaamuliwa kwamba Kiswahili sanifu kitajengwa juu ya Kiunguja. Wageni walikuja nyumbani kwa Kimvita kukiambia kimeshindwa. Silalamiki, vitabu vilihitaji kanuni, na nimekula mkate wa kanuni hizo. Lakini kuna jambo nililolifanya kazini ambalo mpaka leo likinijia huzima redio.

Tulipewa kijitabu cha kumbukumbu ya bibi mmoja aliyefariki, ndani yake wajukuu wameweka barua zake. Barua moja ilianza, “Ndoo mwanangu.” Nilikuwa kijana, nina kalamu nyekundu na cheti. Ndoo ni ya maji. Nikaikata, nikaandika Njoo. Nikaendelea: ndia nikafanya njia, mtele nikafanya mchele, tini nikafanya chini, mato nikafanya macho. Nikasafisha barua kumi na moja. Mjukuu wake alipokuja kuziona prufu alisoma ukurasa mmoja, akausoma tena, akaniuliza kwa upole kama nimewahi kumsikia bibi akiita kwenye simu. Nikasema hapana. “Alikuwa akisema ndoo,” akaniambia. “Huyu anayesema njoo simjui.”

Na mimi ni mtoto wa Mvita! Mamangu mwenyewe aliniita kwa ndoo miaka yote, sikuwahi kumletea maji. Wakati huo diwani ya Ahmad Nassir, Malenga wa Mvita, ilikuwa imekwisha kutoka tangu 1971, Kimvita kimesimama ndani yake bila kuomba radhi, nami nilikuwa nayo kabatini. Yule mjukuu angeweza kwenda kwa meneja. Hakwenda. Alikaa nami mpaka saa mbili usiku, yeye anasoma kutoka kwa barua za mkono, mimi narudisha, ndoo, ndia, mtele, na alipoondoka akaacha mezani chupa ya achari ya embe iliyotengenezwa na mamake.

Makosa ya herufi siku hizi yamehamia kwenye tarakimu, na huko ndiko yanakouma. Tangu M-Pesa ianze Machi 2007, kila Mkenya amekuwa msoma prufu bila kujua. Namba ya simu ina tarakimu kumi; moja tu ikiteleza, kodi ya nyumba inamfikia mtu usiyemjua. Sasa jina hutokea kabla hujathibitisha, lakini jina nalo ni la kusomwa, na mwenye haraka husoma anachokijua. Mimi nilipeleka 1,500 za fundi wa mabati kwa mtu mwingine kabisa. Nilitazama ujumbe wa kuthibitisha, nikaona jina la kike, na fundi wangu ana ndevu.

Kuna njia rasmi ya kuomba muamala urudishwe, lakini mimi nilipiga simu. Nilijua nitasikikaje. Matapeli wameshaharibu maneno hayo. “Ile pesa tuma kwa namba hii” imekuwa mzaha wa nchi nzima, hata mkosaji wa kweli hana lugha iliyobaki ya kukosea. Mama aliyepokea alinisikiliza mpaka mwisho, nyuma yake kuku wanalia.

“Mzee, wewe ni mtu wa Pwani?”

“Naam, mamangu. Wa Miritini.”

“Nimejua kwa hiyo naam. Mwizi hawezi kusema naam hivyo. Ngoja nimalize kukamua.”

Baada ya nusu saa zikaingia 1,500 kamili. Hakukata gharama ya kutuma, aliilipa yeye. Nikamrushia kredito ya shilingi mia kwa shukrani, naye akatuma ujumbe: “Asante Santa.” Nimeuhifadhi.

Basi, zile kadi. Mpwa wangu alisema atachapa upya bure, na rangi ikamtoka alipokuwa akisema, kwa sababu karatasi ile ya dhahabu ilikuwa imekwisha na nyingine ilikuwa ya kununuliwa kisiwani. Yule mama akamtazama, kisha akavuta stuli.

“Chapa neno hilo peke yake,” akasema. “Karibuni, mara mia na hamsini. Una gundi?”

Zikatoka karatasi mbili zilizojaa karibuni. Fundi cherehani wa jirani akaleta mkasi wake, ule ambao haruhusu uguse karatasi, akakata vipande bila kunung’unika. Kinyozi alikuwa hana mteja. Dereva wa tuktuk aliyekuja kulalamika kwamba tumeziba njia akajikuta anapaka gundi. Mama wa mahamri alituma chupa ya chai na mbaazi za jana. Tulifanya kazi mpaka adhana ya Magharibi, na kadi zikawa na kiraka kidogo chini, kimeinuka kidogo, ukipitisha kidole unakihisi. Watu waliozipokea walidhani ni mtindo.

Wakati wa kuondoka aliteremsha miwani kutoka kichwani, akaivaa, akaninunia kwa mzaha. “Kumbe nilikuwa nayo.”

Mwaka uliofuata alirudi, safari hii kwa kadi ya akika ya mjukuu. Mpwa wangu akaichapa prufu, nikanyoosha mkono kuichukua. Akaizuia. Akavuta stuli ileile, akakaa ubavuni mwangu, karatasi katikati yetu, akaweka kidole chini ya mstari wa mwisho.

“Leo twasoma wawili,” akasema. “Ka.”

“Ri,” nikasema.

“Bu.”

“Ni.”